Muhuri wa Meneja

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kufua mashuka ya hospitali katika kiwanda kimoja kule Villawood, lakini jina aliloliitikia lilikuwa Meneja. Klabu ya mpira ya watoto hapa Doonside, Australia, huipa kila timu kocha wa kufundisha, na meneja wa kushughulikia mengine yote: jezi, orodha ya majina, machungwa ya mapumziko na wazazi wakorofi. Siku ya kuchagua meneja, wazazi wengi huanza kutazama viatu vyao. Yeye alinyoosha mkono kabla mwenyekiti hajamaliza kueleza kazi yenyewe ni ipi. Aliishika miaka saba, na nasema bila kupepesa macho kwamba sijawahi kuongozwa vizuri namna ile, ingawa nimefanya kazi chini ya mabosi wenye digrii mbili mbili.

Mashuka yalikuwa yamemwingia mwilini. Akishika kitambaa chochote, mikono yake ilikwenda yenyewe kwenye pembe, ikakunja, ikabana, ikakunja tena. Jezi zetu zilifika uwanjani zimepangwa kwa namba, zimenyooka, na ole wake mtoto aliyevuta ya chini bila kuinua za juu. Hata Biblia yake aliifunga kwenye kitambaa kilichokunjwa kwa mtindo wa kiwandani. Wazazi wa Kizungu walimcheka kidogo msimu wa kwanza. Msimu wa pili wakaanza kumletea jezi za timu zao azikunje, naye akawafundisha badala ya kuwakunjia.

Sauti alikuwa nayo. Alitokea Burundi kupitia kambi za Tanzania, kwa hiyo Kiswahili chake kilichanganya mambo: mara lafudhi ya Kigoma, mara neno la Kifaransa, bon kwa maana ya sawa na mais kwa maana ya lakini, mara ngeli zimeachwa zijitafutie njia. Ndicho kilichotuunganisha pale uwanjani, mimi Mkenya, yeye Mrundi, na baba mmoja Mkongo ambaye hakuwahi kufika kwa wakati. Watoto wetu walitujibu kwa Kiingereza. Yeye hakujali. Aliwasemesha Kiswahili kana kwamba hakuna lugha nyingine duniani, nao walikimbia wakafanye alichosema.

Desturi ya huku ni kwamba katikati ya mchezo watoto hupewa machungwa yaliyokatwa vipande, na wazazi hupeana zamu ya kuyaleta. Ukileta machungwa makavu, Meneja alikula kipande kimoja mbele yako polepole, akatema mbegu, akasema asante. Hukurudia. Siku moja yule baba Mkongo alisahau machungwa, akapitia dukani, akaja na chupa kumi na mbili za kinywaji cha rangi ya buluu ambacho watoto walikuwa wamekiona kwenye televisheni kikinywewa na wachezaji wakubwa. Watoto wakapiga kelele za furaha. Meneja akamshukuru, akazibeba chupa zote, akazifungia kwenye buti la gari lake, akawapa watoto maji. Mchezo ulipoisha akamfuata na zile chupa: "Papa, ulisahau mizigo yako." Yule baba alizipokea kwa mikono miwili.

Hapa lazima niseme habari zangu, maana bila hizo picha yake haitakamilika. Mimi nahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa zamu zinazobadilika kila wiki. Binti yangu Makena alikuwa na miaka minane, na alikuwa ameacha kula nyumbani. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa akifunua sufuria ya githeri, mahindi na maharage niliyoyachemsha nusu siku, akatazama, akafunika, akasema, "There's nothing to eat." Nyimbo za matangazo ya duka moja la baga alizijua zote, na mistari ya Biblia ya Jumapili hakujua hata mmoja. Lile duka lilimfuata kwenye simu yangu, kwenye kituo cha basi mbele ya shule, na katikati ya kila katuni. Nami nikitoka kazini miguu imevimba na dhamiri inanichoma kwa saa zote ambazo sikuwa naye, nilipitia kwenye lile dirisha la magari, unapouziwa bila kushuka, nikanunua amani. Daktari wa meno alimng'oa magego manne ya utotoni siku moja. Meno yangeota mengine. Kilichoninyima raha ni wazo kwamba mtoto wangu atakua bila kuijua ladha ya mkono wangu, na kwamba siku moja ataondoka nyumbani asikumbuke chochote cha kurudia mezani pangu.

Nilimweleza Meneja pembeni mwa uwanja, nikitarajia anihurumie. Nikawalaani wenye matangazo mpaka mate yakanikauka. Alinisikiliza huku akikunja vizibao vya mazoezi.

"Mama Makena, hii matangazo iko na mikono?"

"Hapana."

"Iko na gari?"

"Hapana, Meneja."

"Bon. Sasa nani alimupeleka mutoto?"

Nilikasirika siku tatu. Huo ndio uliokuwa msimamo wake, na aliwatolea wazazi wote bila ubaguzi: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa huku una hela ya kununua muda kwenye televisheni. Mzazi akijitetea kwamba amechoka, alimwuliza kama amechoka kuliko mashuka mia sita. Nilimwona mkali kupita kiasi. Nilimheshimu vilevile, kwa sababu binti yake, kitinda mimba wake aliyecheza na Makena, alikula chochote ulichomwekea mbele.

Lakini msimfanye malaika. Jumamosi moja nilifika uwanjani mapema, nikaona gari lake chini ya mti wa mkaratusi, vioo vimefungwa, naye ndani akila chipsi kutoka kwenye mfuko wa karatasi, macho yamefumbwa. Nikagonga kioo. Angekuwa mwingine angeficha mfuko. Yeye alishusha kioo nusu, akanipa chipsi mbili, si tatu, akasema, "Mimi nimekwisha kukua. Mimi ndiye nimeitafuta, haikunitafuta." Halafu akapandisha kioo. Kwenye harusi pia alikunywa soda ya machungwa chupa mbili, ya pili akiificha nyuma ya maua ya meza, na ukimkamata alisema ni ya bwana harusi.

Sasa nije kwenye habari ya cheti.

Klabu ilikuwa na mtindo wa kumpa mtoto mmoja cheti kila baada ya mchezo, mchezaji wa siku. Cheti kizuri, karatasi ngumu inayong'aa, jina la mtoto, nembo ya klabu juu, na chini picha ya lile duka, baga yenye miguu na macho inayocheka, pamoja na kuponi ya kukata kwa mkasi: leta hii dukani upate mlo wa bure. Wazazi wa Kizungu walikata kuponi, wakala, wakatupa kilichobaki. Nasi Wakenya wengi wetu tulifanya hivyo hivyo.

Siku moja nilimpelekea Meneja jezi nyumbani, na nikaketi sebuleni kwake kwa mara ya kwanza. Ukutani, kwenye fremu za dhahabu, kulikuwa na cheti cha ubatizo cha binti yake upande wa kushoto, cheti cha uraia upande wa kulia, na katikati, juu kidogo kuliko vyote, ile baga yenye miguu, inacheka. Kuponi ilikuwa haijakatwa.

Alinisimulia mwenyewe, kifua mbele. Binti yake alipokipata kile cheti, Meneja alimwomba jirani amsomee, jirani akamwambia kimeandikwa "leta hii". Yeye miaka kumi na sita kambini alijifunza kwamba karatasi ikisema leta, unaleta. Na karatasi yenye nembo haikunjwi, haikatwi, maana siku ukiipeleka imeharibika unatolewa kwenye foleni na watoto wako hawali. Basi Jumapili baada ya ibada familia nzima ilikwenda kwenye lile duka na nguo za kanisani. Mume, ambaye huendesha lori la makontena kutoka bandari ya Port Botany na hajui suti wiki nzima, alivaa suti. Walikabidhi cheti ndani ya mfuko wa plastiki. Msichana wa kaunta aliposhika mkasi, Meneja aliuzuia mkono wake. Akaitwa mkubwa wa duka. Mkubwa akatazama suti, akatazama mtoto mwenye gauni jeupe, akatoa baga bila kukata kitu. Mume akatoa shukrani kwa niaba ya familia. Na kwa kuwa Meneja ndiye aliyekuwa mwalimu wa wenzake katika mambo ya makaratasi ya Australia, aliwaelekeza jamaa wengine wa Kirundi wafanye vilevile. Nyumba tano hapa Doonside, mbali na yake, zilikuwa na baga ukutani.

"Nisomee na ile maandishi kidogo pale chini," akaniambia. "Macho yangu haifiki."

Nilipaswa kusema siyaoni. Nikasoma. Yalisema kwamba mlo wa mtoto ni wa bure iwapo ataandamana na mtu mzima anayenunua mlo wake mwenyewe, na kwamba kwa kutumia kuponi mzazi anakubali kutumiwa habari za bidhaa nyingine.

"Rudia."

Nikarudia. Nikiri dhambi yangu: kwa sekunde moja nilifurahi, nikikumbuka yale maswali ya mikono na gari. Kisha nikamwona uso. Alisimama juu ya kochi, akakiteremsha kile cheti, akakaa nacho mapajani. Ukutani palibaki mraba msafi.

"Kumbe haikuwa klabu inamusifu mutoto yangu," alisema. "Ilikuwa duka inaniita mimi. Na mimi nikaipigia misumari nyumbani kwangu. Nikawapeleka na wengine."

Nilimwambia kwamba asingeweza kujua. Alinikatiza kwa mkono.

"Mimi nilikukosea, Mama Makena. Muzazi iko na kosa yake, hiyo sitaifuta. Mais huyu anayepitia kwenye sifa ya mutoto ndiyo aingie mlangoni kwangu, huyo ni mwizi mwenye adabu. Mwizi wa kuvunja dirisha unamuona. Huyu nilimuvalia nguo ya kanisa."

Kisha alifanya jambo ambalo ndilo lililonifanya nimwandike. Alivaa viatu, akazunguka zile nyumba tano kwa miguu, moja baada ya nyingine, na kila nyumba akasema, "Nilikosea, nisameheni, iteremsheni." Nilikwenda naye kwa kuwa sikujua la kufanya. Kuna watu wazima wengi ninaowajua, mimi wa kwanza, ambao wangeacha ile baga icheke ukutani mpaka mwisho wa dunia kuliko kutamka maneno hayo hata mara moja. Yeye aliyatamka mara tano mchana mmoja, na kwenye nyumba ya tano alikuwa anayasema kwa sauti ya juu kuliko ya kwanza.

Mkutano wa klabu ulikuwa wiki iliyofuata. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alijitolea kama sisi, na jezi za watoto mia mbili lazima zitoke mahali fulani. Alitangaza kwamba lile duka litaendelea kutufadhili, na sasa picha ya baga itakuwa pia kifuani mwa jezi. Watu wakapiga makofi. Meneja akasimama. Niliegemea nimtafsirie, akanisukuma kiti kwa goti.

"I am Manager, under nine," alisema. "Question. This prize, who give? Club give, or shop give?"

"Well, the club does," mwenyekiti akajibu. "The shop just prints it for us."

"Okay. So why the child say thank you to the shop?"

Mwenyekiti akapekua makaratasi yake. Mama mmoja nyuma, Mwaustralia mwenye mapacha, akasema kwa sauti ndogo, "Fair question." Na mimi, nilijikuta machozi yananilenga kwa fahari, kwa sababu Kiingereza hicho ndicho kilekile alichotumia kuomba sabuni kiwandani, na kilikuwa kimemtosha.

Alishinda nusu. Jezi zilibaki na baga kifuani, na kila Jumamosi alizikunja picha ikiwa ndani. Lakini ilikubaliwa kwamba timu inayotaka kutoa cheti chake yenyewe iruhusiwe. Hiyo nusu ilimtosha sana.

Kwake yeye cheti kisicho na muhuri ni karatasi ya kufungia maandazi. Kwa hiyo alikwenda Blacktown kwa yule mtu anayechonga funguo, akaagiza muhuri wa duara ulioandikwa MENEJA, na katikati mpira ambao, kusema kweli, ulifanana na nyanya. Wino wa zambarau. Vyeti aliviandika kwa mkono, nami nikimsaidia herufi. Hakuandika mchezaji bora. Aliandika alichokiona: huyu alimwinua mwenzake aliyeanguka, huyu alikubali kutolewa bila kununa. Zawadi yenyewe ilikuwa kwamba mtoto huyo atachagua chakula ambacho timu nzima itakula Jumamosi inayofuata baada ya mchezo, na atakipika mwenyewe pamoja na sisi wazazi, jikoni kwa Meneja, Ijumaa baada ya shule.

Makena alipata chake mwezi wa pili wa mpango huo. "Alikaa golini mvua yote bila kulalamika." Muhuri uligongwa mbele ya watu, pa! Akaulizwa atachagua nini. Nikafunga macho, maana nilijua.

"Chips," alisema.

Nilitaka kumkemea. Meneja akaniambia, "Amechagua." Ijumaa akamkabidhi kisu kidogo na ndoo ya viazi. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini siku ile Meneja alituzuia tusimsaidie mpaka amenye ishirini. Makena alinuna kwenye cha tatu, akaimba kwenye cha kumi, na kwenye cha kumi na tano akaniuliza kama kule dukani kuna mtu anamenya hivi. Tukavikaanga, tukavimwagia mayai, chipsi mayai kama za Kigoma, na kesho yake watoto kumi na mmoja wakasimama nyasini wakila alichomenya yeye. Niliona alivyowatazama midomo.

Sitadanganya kwamba alibadilika siku hiyo. Mara ya pili alichagua chipsi mayai, na mara ya tatu pia. Tulirudi kwenye dirisha la magari zaidi ya mara moja, nikimwomba Mungu tusikutane na Meneja. Lakini nilianza kumwita jikoni, hata kama ni kukoroga tu, na msimu ule ulipoisha alikuwa akifunua sufuria na kuuliza nani amekata vitunguu vikubwa hivi. Githeri anaiita adhabu mpaka leo. Anaila. Na yule mama wa mapacha alikuja Jumamosi moja na vyeti viwili vya timu yake, ameviandika vizuri kwa mkono, akauliza kama Meneja angeweza kuvigongea muhuri. Alivigonga. Mwisho wa mwaka timu nne zilikuwa zinapanga foleni.

Watoto walikua, timu ikavunjika, Meneja akaacha kazi ya klabu. Tulikuwa tunaonana kanisani, halafu kwa nadra zaidi. Mwaka huu Makena amefikisha miaka kumi na mitano, na kama watoto wa huku, akatafuta kazi ya mwisho wa wiki. Lililompa ni lile lile duka la baga. Sikumkataza, ningemkataza kwa mdomo upi? Lakini sikumwambia Meneja. Nilimkwepa miezi miwili.

Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni, nilikwenda kumpokea Makena kituo cha treni cha Doonside. Alishuka na shati la kazi, baga kifuani. Kutoka behewa la pili akashuka Meneja, ametoka Villawood, mkoba begani. Hapakuwa na pa kujificha. Alimwendea Makena, akamtazama shati kutoka juu mpaka chini, akamnyoosha kola.

"Walinipigia," akasema.

"Nani?" nikauliza.

"Duka. Huyu alinitaja mimi ndiye mudhamini wake."

Nikamgeukia Makena. Akainua mabega. "They wanted a referee, Mum. Ningeweka nani mwingine?"

"Wakaniuliza kama ni mutu wa kutegemea," Meneja akaendelea. "Nikasema ndiyo, kabisa. Nikasema anafika mapema, anavumilia mvua. Nikasema pia: huyu atauza, mais mutoto mudogo akikuja peke yake, atamuuliza mama yake iko wapi."

"She actually said that," Makena akacheka. "My boss told everyone."

Niliuliza kama hakukasirika. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Nikasirike nini? Tulimulea ndiyo aingie popote na atoke muzima. Wewe umuone vile anasimama." Nikamwona. Alikuwa amesimama vizuri, mtoto wangu, mrefu kuliko sisi wote wawili.

Meneja akamshika mkono. "Umekula?"

"Not yet. Wanatupa chakula pale. Nimengoja cha nyumbani."

"Bon," akasema Meneja, akanigeukia mimi. "Na wewe, umepika nini?"

Nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi. Jiko lilikuwa baridi. Mpango wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa tununue kitu njiani.

"Sijapika, Meneja."

Alirekebisha mkoba begani na kutazama saa ya kituo. Mimi na Makena tulikuwa tumeshaanza kukimbia kuelekea kwenye gari. Nyumbani nilikata vitunguu nikiwa bado na viatu miguuni.